Chombo Kinachokumbusha Kazi

Leo tutazungumza habari za watu wazima wenye usonji. Usonji hauambukizi, wala si kurogwa. Mtu huzaliwa nao. Ubongo wake hufanya kazi kwa namna nyingine.

Wengi wao waweza kazi. Lakini huyu husahau lipi lafuata, na yule hufadhaika utaratibu ukibadilika ghafula. Mwajiri hudhani ni uvivu, akamfukuza.

Huko Virginia, Marekani, wataalamu walijaribu njia moja, wakatoa habari zake mwaka 2015. Wafanyakazi 50 wenye usonji walipewa chombo kidogo cha mfukoni, iPod Touch. Wengine walikipata walipoanza kazi, wengine baada ya majuma 12. Chombo kiliwakumbusha saa ya kila kazi, na kuwaonyesha picha za kazi hatua kwa hatua.

Ikawaje? Waliokipata mapema walihitaji saa chache za kusimamiwa kuliko wenzao, na kazi yao haikupungua.

Lakini angalieni: chombo hakikufanya kazi badala ya mtu. Kwanza mtaalamu alimfundisha kila mmoja kukitumia, akakipanga kwa kadiri ya kazi yake.

Je, kwenu yuko kijana wa namna hii? Hata karatasi yaweza kumfaa. Chora kila hatua ya kazi, tangu ya kwanza hata ya mwisho, na chini ya kila picha andika neno moja. Mwandikie wewe mwenyewe, maana sasa wajua kuandika.