Mgonjwa Asiye na Mwajiri
(Hotuba tuliyoitoa Lodwar mbele ya wachuuzi, wasukaji vikapu na waendeshaji bodaboda)



Waliopigania vyama vingi, hata kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, hawakutaka wingi wa bendera tu. Walitaka raia awe na neno la kuidai serikali yake. Neno hilo sasa limeandikwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaiagiza dola kuwasaidia wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Katiba haikuuliza kama mtu huyo ana mwajiri. Sheria zilizo chini yake ndizo zinazouliza.

Sheria ya Ajira ya 2007 yasema hivi: aliyetimiza miezi miwili kazini akiugua hupewa, kwa mwaka, siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara. Ni kidogo, lakini ni kitu. Mama anunuaye samaki Kalokol na kuwauza hapa Lodwar ana nini? Msukaji wa vikapu vya majani ya mkoma? Kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu barabara ya Kakuma? Hao sheria haiwaoni.

Tutaambiwa kwamba ipo Bima ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Ni kweli, ipo. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya nyumba yake, akatozwa asilimia 2.75, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Lakini bima hiyo huilipa hospitali. Mgonjwa haimlipi siku zake. Chukueni ugonjwa ambao Turkana imeujua kuliko karibu mahali pengine popote duniani, ule uvimbe wa maji utokanao na minyoo ya mbwa. Mwenye uvimbe ini hupasuliwa, kisha hukaa majuma kadhaa pasipo kuinua mzigo. Kitanda kimelipiwa, naam. Nyumbani unga umekwisha, watoto wamekula mtaji wa samaki, na muuzaji wa Kalokol hakopeshi. Mama yule amepona, na hana cha kuuza.

Fedha za mpango wa kukinga njaa huangalia umaskini wa nyumba. Aliyejitegemea hadi juzi hayumo orodhani. Nayo akiba ya Haba Haba ya NSSF, ya 2019, tunaisifu, ila shilingi 25 za kila siku ni fedha za mgonjwa mwenyewe.

Tunadai posho ya ugonjwa kwa wanaojiajiri: kiwango cha siku kijulikane, siku zithibitishwe na tabibu wa zahanati, malipo yaje kwa simu, na hazina ya taifa ichangie pamoja na mlipaji. Wakimbizi wenye maduka Kakuma, kambi iliyoanzishwa 1992, nao waruhusiwe kuchangia na kulipwa. Huku si kuwapendelea. Duka likifungwa kwa ugonjwa, mama wa Kiturkana amuuziaye mwenye duka makaa naye hukosa mnunuzi.

Kifungu cha 119 kinampa kila mtu, wala hakikusema kila raia, haki ya kupeleka ombi Bungeni. Rasimu ya ombi letu iko mezani kwa Mwenyekiti, itasomwa kwa Kiturkana na kwa Kiswahili. Asiyeandika ataweka kidole gumba. Wino upo.