Kuchagua Baiskeli ya Umeme Baada ya Mshtuko wa Moyo

Mada kwa watoa tiba ya viungo



Mgonjwa aliyenusurika mshtuko wa moyo huruhusiwa kwenda nyumbani na mfuko wa dawa na agizo fupi: afanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa mkazi wa Tanga au Shinyanga aliyepanda baiskeli tangu utotoni, njia ya kuzipata dakika hizo anaijua. Kinachomzuia ni hofu. Itakuwaje pumzi ikimkatikia akiwa mbali na kwake, na upepo unampiga usoni?

Mota ndogo inaipunguza hofu hiyo. Kilima kikizidi, inachukua sehemu ya kazi, na miguu inaendelea na iliyobaki. Ndiyo maana naitetea baiskeli ya umeme kwa wagonjwa wetu. Kinachonisumbua ni jinsi inavyochaguliwa: mnunuzi anaulizia kasi, kisha umbali. Kwa mwili unaopona, maswali ya kwanza ni mengine kabisa. Ataipandaje? Atasimamaje? Atashukaje?

Tuanze na fremu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoanguka. Ukipanda baiskeli aina ya Phoenix yenye bomba la juu, unasimama kwa mguu mmoja na kuuzungusha mwingine nyuma, juu ya kiti. Mtu anayetumia dawa za kushusha shinikizo la damu anaweza kupata kizunguzungu wakati huohuo. Akiwa pia anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarin, kugonga kichwa kunaweza kumvujishia damu ndani ya fuvu. Kofia ngumu ni lazima, lakini fremu ya kupitisha mguu katikati ni kinga inayotangulia kofia. Shida ni kwamba fremu hiyo tumezoea kuiita baiskeli ya kike. Wengi wenu mmeshamsikia mzee akiuliza, "Daktari, kwa umri huu nipande ya kike?" Msimcheke wala msimpuuze. Mwelezeni kwa adabu, mbele ya mkewe au mwanawe, kwamba aibu kubwa ni kuangushwa na bomba barabarani watu wakitazama. Kiti kishushwe hadi nyayo zote mbili zikanyage chini akiwa amekaa. Magoti yatakunjika zaidi ya kawaida, na kwa miezi ya mwanzo hilo linavumilika.

Jambo la pili halionekani kwa macho: kihisi kinachoiamuru mota. Kuna kinachopima nguvu ya mguu kwenye pedali. Ukikanyaga kidogo unasaidiwa kidogo, ukiongeza nacho kinaongeza. Kingine kinatambua tu kwamba pedali zinazunguka, kisha kinaiachia mota, na baiskeli inaweza kuruka mbele kabla mtu hajajiweka sawa. Ninapendekeza cha kwanza, hata kama bei ni kubwa zaidi. Kuvijua ni rahisi. Jaribuni uwanjani, mzungushe pedali polepole bila kuzikandamiza. Mota ikisukuma kwa nguvu hata hivyo, hicho ni cha aina ya pili. Mwulizeni muuzaji pia kama kubana breki kunaikata mota papo hapo.

Zipo pia baiskeli za umeme zenye resi kama pikipiki. Anayeitegemea resi safari nzima hafanyi mazoezi, amekaa tu. Lakini siku miguu ikigoma, resi itamfikisha nyumbani, kwa hiyo sioni sababu ya kuikataa moja kwa moja. Ulaya baiskeli hizi hupewa mota ya wati 250, na msaada hukoma kwenye kilomita 25 kwa saa. Kwa mgonjwa wa moyo hiyo inatosha na kubaki.

Juhudi tuipimeje? Saa ya mkononi inaweza kudanganya. Bisoprolol na dawa za jamii yake hushusha mapigo, na moyo unaweza kuwa unahangaika huku namba ikionekana nzuri. Mfundisheni mgonjwa kujisikiliza: aweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kwenye kipimo cha Borg cha 6 hadi 20, abaki kati ya 11 na 13. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio bila mpangilio ni amri ya kusimama.

Aliyepasuliwa kifua asiharakishe. Mfupa wa kifua huhitaji wiki 8 hadi 12 kuunga, na usukani kwenye barabara ya mashimo huutikisa vibaya. Aanze na baiskeli ya mazoezi ndani, na daktari wake ndiye aseme lini atoke nje. Uzito nao una maana: baiskeli nyingi za umeme zina kilo 20 hadi 25, na huyu haruhusiwi kunyanyua vitu vizito. Betri ya volti 36 na amp-saa 10, yaani wati-saa 360, inatosha kabisa safari fupi za mazoezi. Kubwa zaidi ni kuongeza mzigo.

Waliopata kiharusi wanahitaji mada yao. Niseme tu kwamba breki zote mbili zinaweza kuunganishwa kwenye mkono wenye nguvu, na kwamba baiskeli ya magurudumu matatu hupinduka konani ikikimbizwa.

Wengi hawatanunua mpya. Watampelekea fundi Phoenix ya zamani aifungie mota. Sipingi, mradi breki zake za vyuma zibadilishwe kwanza, maana hazikutengenezwa kwa uzito na kasi hiyo. Ombi langu kwa semina hii ni kwamba kila kitengo cha tiba ya viungo kitafute baiskeli moja ya umeme ya kujaribia. Mgonjwa apande, asimame na ashuke uwanjani, mtaalamu akiwa kando yake, kabla hajatoa hata shilingi moja dukani.