Tunajua Kuzika, Tujifunze Kuuguza

Leo naanza na mgonjwa mmoja wa India ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alikuwa mtawa, mfuasi wa Siddhartha Gautama, yule tunayemwita Budha. Ugonjwa wa kuhara ulimwangusha, akawa amelala juu ya uchafu wake mwenyewe, na watawa wenzake wanapita tu. Maandiko ya Wabudha yanasimulia kwamba Budha alipofika akamuuliza kwa nini hana mtu wa kumuuguza. Mgonjwa akajibu kuwa yeye hana faida yoyote kwa wenzake, ndiyo maana hawamjali. Budha akamtuma msaidizi wake, Ananda, alete maji. Mmoja akamimina, mwingine akaosha, kisha wakambeba, huyu kichwani, huyu miguuni, wakamlaza kitandani. Baadaye akawakusanya watawa, akawaambia kwamba anayetaka kumhudumia yeye na amhudumie mgonjwa.

Najua mkoa wetu ni wa makanisa na misikiti. Kagera ndiyo iliyoipa Afrika kardinali wake wa kwanza Mwafrika, Laurian Rugambwa, mwaka 1960, na sina nia ya kumbadilisha mtu dini kwa njia ya redio. Ila Wabudha nao si wageni kiasi hicho. Pale Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu lao lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka enzi za ukoloni. Na ng'ambo ya ziwa letu hili, upande wa Entebbe, mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Wabudha mwaka 2005. Jema la jirani halikatazwi kuigwa.

Lile jibu la mgonjwa ndilo linalonisumbua: hana faida kwa wenzake. Sisi huku, kuanzia Hamugembe hadi Kamachumu, tuna vyama vya kuzikana. Ni vyama imara, havichezewi. Kuna daftari, kuna katibu, kuna mchango, na asiyefika msibani faini inamngoja. Mtu akifariki saa kumi usiku, kumekucha kina mama wameshafika na maji na kuni, wanaume wako kibanjani na majembe. Nchi nzima inaweza kuja kujifunza hapa.

Lakini soma masharti ya chama chako kwa utulivu. Nimekuzikia, utanizikia. Aliyeacha kuchanga anafutwa. Aliyeacha kuchanga ni nani? Mara nyingi ni yule aliyepooza miaka 2 iliyopita, au bibi ambaye wanawe wametangulia na miguu haimbebi tena. Chama kinamwacha wakati ule ule anapoanza kukihitaji. Na hata kisipomfuta, kitamfikia akiwa maiti, na sanda nzuri.

Mtu asiniambie kwamba watu wa Kagera hawana huruma kwa asiyeweza kulipa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Wavuvi walikuwa wa kwanza kufika, na mitumbwi na makasia yao. Hakuna aliyeuliza abiria ni kabila gani, au kama watakumbuka kurudisha fadhila. Watu 24 waliokolewa, 19 wakafa. Huruma tunayo. Tatizo la mgonjwa wa nyumbani ni kwamba hana king'ora. Hakuna kamera. Ni kazi ya kila siku, ina harufu, na haina kiongozi wa kuja kuipongeza.

Wilaya ya Muleba wana mfano ulio karibu zaidi wa kumsaidia asiyeweza kulipa. Mkoa huu ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na bibi zetu ndio waliobaki na wajukuu. Pale Nshamba shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya fedha taslimu, wengi wao wakiwa ni bibi hao hao. Tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa jina kutokana na vitu vilivyonunuliwa: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Bibi wa miaka 75 atamlipa nani? Hatalipa. Wabudha huita utoaji dana, na katika mafundisho yao anayetoa huku akihesabu atakachorudishiwa yuko ngazi ya chini.

Kumhudumia aliyelala kitandani hakuhitaji mfadhili kutoka nje. Inatakiwa ndoo ya maji ya uvuguvugu, kipande cha sabuni, kitambaa safi, shuka mbili za kubadilisha na mpira wa kutandika. Zaidi ya yote inatakiwa mikono ya kumgeuza kila baada ya saa 2, maana asipogeuzwa vidonda vinachimba mgongoni na makalioni mpaka mfupa. Binti mmoja anayefanya hivyo peke yake, mchana na usiku, naye ataugua. Majirani 6 wakipokezana, binti atalala, ataenda sokoni, atapalilia migomba. Palipo na ugonjwa wa kuambukiza, kama Marburg ile ya mwaka 2023, waachieni wenye vifaa na mafunzo. Ninyi mlisheni aliyebaki nyumbani.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vya kuzikana, Bukoba na Muleba: mkikutana safari ijayo, ongezeni vifungu viwili kwenye katiba. Cha kwanza, zamu ya kuuguza, na anayekosa zamu atozwe faini ile ile ya msibani. Cha pili, mwanachama aliyeshindwa kuchanga kwa sababu ya ugonjwa au uzee asifutwe jina. Na katibu, ukishafungua daftari, anza na majina mliyoyakata.