Maji ya Moto ya Utoto Wetu

Sisi tunaozungumza nanyi ni ndugu wawili, dada na kaka, wakaaji wa Mwihoko karibu na Ruiru. Mwihoko kwa Kikuyu ni tumaini. Lakini hatukuzaliwa huku. Tulizaliwa Baringo, ufuoni mwa Ziwa Bogoria, upande wa Loburu, na leo twataka kuwaeleza habari ya maji ya moto ya huko.

Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 36. Ni sura ya majina ya uzao wa Esau, na watu wengi huiruka. Twakiri kwamba nasi tuliiruka miaka mingi. Katikati ya majina hayo yuko mtu mmoja, Ana, ambaye anakumbukwa kwa sababu alipokuwa nyikani na punda wa baba yake aliziona chemchemi za moto. Siku tulipoisoma habari hiyo tulicheka kwa furaha, kwa maana sisi pia tulikuwa watoto wa kuchunga mifugo ya baba, na chemchemi zetu hatukuhitaji kuzitafuta. Kulipopambazuka tuliona mvuke wake umesimama kando ya ziwa kama moshi wa vijiji ishirini.

Ziwa lile ni la magadi, halina samaki, lakini lina ndege, wale heroe wa rangi ya waridi, kwa maelfu na maelfu. Askofu James Hannington alifika hapo mwaka 1885 akielekea Uganda, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akauawa huko Busoga. Kwa miaka mingi Wazungu waliliita ziwa kwa jina lake. Nyumbani lilikuwa Bogoria tu.

Maji yenyewe ni ya mvua. Huzama katika nyufa za Bonde la Ufa, hukutana na miamba yenye joto kali chini ya ardhi, kisha hurudi juu yakichemka. Mengine huruka kupita kimo cha mtu. Wazee walipaheshimu mahali pale. Wagonjwa wa viungo na wa ngozi waliletwa kuoga pale ambapo maji yameshapoa kidogo kwa kutiririka, na mifugo ililetwa kulamba chumvi. Nasi watoto tulipika. Ulifunga mkebe kwa kamba ya mkonge, ukautumbukiza, ukahesabu, ukauvuta. Mahindi, mayai, chochote.

Mama alituwekea sheria moja. Kuzunguka chemchemi kuna ganda jeupe la chumvi na mawe, na macho hayawezi kujua ni wapi ganda ni nene na ni wapi ni jembamba kama ngozi ya maziwa. Alitupangia mstari wa mawe. Ng'ambo ya mawe, hakuna mtoto kukanyaga.

Mwaka 1968 tulichukua mayai ya mama bila kumwambia. Tulikuwa na miaka tisa na kumi na mmoja, na mdogo wetu, kitinda mimba, alikuwa na miaka sita. Tulipika mkebe wa kwanza tukala. Mkebe wa pili kamba ilituponyoka, nao ukakwama kwenye ukingo, ng'ambo ya mawe. Tuliogopa sisi wakubwa. Tukamwambia mdogo wetu, wewe ni mwepesi, nenda wewe.

Akaenda. Aliishika kamba, na aliporudi hatua mbili ganda likavunjika. Mguu wa kushoto ulizama hadi gotini.

Hatutaeleza kilio kile. Tulimbeba kwa zamu mpaka nyumbani, na njiani tukapatana maneno. Tulimwambia mama kwamba alikuwa akimfukuza mwana-mbuzi. Mama alimtazama mtoto, akatutazama sisi. Mtoto hakusema neno, wala siku ile wala baadaye.

Ukigeuza ukurasa baada ya Ana wafika sura ya 37, na humo wamo ndugu wakubwa wanaomletea baba yao kanzu iliyochovywa katika damu ya mbuzi. Sisi hatukuweza kuisoma sura hiyo kanisani bila kuinamisha macho. Uongo wao ulikuwa na mbuzi, na wetu pia.

Mwaka ule mdogo wetu alikuwa aanze darasa la kwanza. Hakuanza. Jeraha lilipopona goti halikunyooka sawasawa, na shule ilikuwa mbali. Watu wakamwita mtoto asiyesikia. Sisi tulisoma. Mwaka 1973 sehemu ile ikafanywa hifadhi, na jamaa zetu wengi wakahamishwa. Habari hiyo ni ndefu, yataka kipindi chake. Sisi tukaja kutafuta kazi Thika, yeye akabaki na mbuzi upande wa Marigat.

Mama alipozeeka tulimleta Mwihoko. Jioni moja ya Desemba 2020 tulikuwa tukimtilia maji ya moto kwenye beseni ili aloweke miguu. Akagusa maji kwa kidole, akasema, "Haya si kama ya kwetu." Hapo tukashindwa. Tulimweleza yote, miaka hamsini na miwili ya maneno.

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Alikuja na kamba mkononi. Mtoto anayefukuza mbuzi hushika kamba ya mkebe?" Alikuwa akijua tangu siku ile, akingoja twende wenyewe. Akaongeza, "Na mbona mwaniambia mimi?"

Januari 2021 tukapanda matatu hadi Nakuru, na nyingine hadi Marigat. Mdogo wetu, mwenye ndevu nyeupe sasa, alitupokea akichechemea. Tulitaka tumwombe msamaha palepale palipotokea, naye akakubali kutupeleka. Hatukufika. Ziwa lilikuwa limepanda kwa miaka kadhaa, likafunika barabara, na lango la hifadhi huko Loboi, na chemchemi nyingi. Mawe ya mama yako chini ya maji. Tulitamani, kwa dakika moja, kuona kwamba jambo limekwisha kufunikwa. Lakini yeye alikuwa amesimama kando yetu, na mguu ule.

Tukamwambia ukingoni mwa maji, mbele ya ndege. Alisikiliza mpaka mwisho, akitazama ziwa. Kisha akauliza, "Na mayai ya mkebe wa kwanza, mliniwekea?"

Tukasema hapana, tuliyala yote.

"Basi leo mtanunua," akasema, akatutangulia kurudi kwenye gari. Marigat tulinunua trei nzima.