Lisemwalo Lipo: Sifa ya Tovuti na Haki ya Mgeni



Jumamosi ya tarehe 31 Januari 2009, kuanzia kama saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki, watu waliotafuta jambo lolote kwenye Google waliambiwa kwamba tovuti waliyotaka kuifungua huenda ikadhuru kompyuta zao. Si tovuti fulani, zote. Magazeti, vyuo vikuu, benki, hata kurasa za Google yenyewe. Hali hiyo haikufika saa nzima. Maelezo ya kampuni yalikuwa mafupi: aliyekuwa akisasisha faili la anwani zinazoshukiwa aliingiza alama ya mkwaju peke yake. Kwa kuwa mkwaju umo katika kila anwani ya wavuti, kila anwani ikahesabiwa kuwa ovu.

Kisa hiki huwachekesha wanafunzi, nami nakipenda kwa sababu kinafichua jambo ambalo siku za kawaida halionekani. Kabla ukurasa haujafunguka mbele yako, habari zake zimeshaulizwa mahali. Chrome, Firefox na Safari hutegemea huduma ya Google iitwayo Safe Browsing, na nyuma ya seva za barua pepe na mitandao ya ofisi zipo orodha nyingine chungu nzima. Mada yangu leo ni orodha hizo: zinajengwaje, zinakosea wapi, na nani huumia zinapokosea. Msimamo wangu niuseme mapema ili mnaosinzia msiukose. Takwimu za sifa hazipimi uovu wa tovuti. Hupima ukoo wake, umri wake na majirani inaoandamana nao. Ni njia nzuri, naifundisha na nitaendelea kuifundisha. Lakini kwa maumbile yake humwonea mgeni, na katika intaneti wageni ni sisi.

Mwanzo wake ni barua taka. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake nchini Marekani walianza kutangaza orodha ya anwani za IP zilizokuwa zikimwaga barua taka, na njia waliyoisambazia naiona ya kijanja hadi leo. Walitumia DNS, mfumo uleule unaogeuza jina la tovuti kuwa namba. Seva ya barua ikibishiwa hodi, huipindua anwani ya anayebisha, huiambatanisha na jina la orodha, kisha huuliza DNS kama jina hilo lipo. Jibu likija kwa namba inayoanza na 127, anayebisha ana rekodi mbaya. Jina likikosekana, apite. Mwaka uliofuata Steve Linford alianzisha Spamhaus, ambayo orodha zake zinatumika mpaka sasa. Oktoba 2006 ikaja PhishTank, ambapo raia wa kawaida huwasilisha anwani za kurasa za hadaa na wenzao hupiga kura kama kweli ni za hadaa. Lisemwalo lipo, walisema wahenga, na kama halipo laja. Wahandisi wakaligeuza kuwa programu.

Kasoro ya orodha ya namna hii ni kwamba lazima mtu aumie kwanza ndipo jina liandikwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na timu ya Adam Oest, ukiwahusisha Chuo Kikuu cha Arizona State na kampuni ya PayPal, ulipima jambo hili kwa kuwafuata waathirika wenyewe. Kampeni ya kawaida ya hadaa ilidumu saa 21 tangu mwathirika wa kwanza hadi wa mwisho. Walinzi waliitambua baada ya saa 9 kwa wastani, na zikapita saa 7 nyingine kabla ya maonyo ya vivinjari kufikia kilele. Ukijumlisha, kinga kamili inafika saa ya 16, tapeli akiwa anafunga duka. Machi 2024 Google nayo ikaeleza kwamba tovuti ovu ya wastani huishi chini ya dakika 10, ilhali orodha iliyokuwa ikihifadhiwa ndani ya kivinjari ilisasishwa kila baada ya dakika 30 hadi 60. Ndiyo maana wakahamia kwenye ukaguzi wa papo kwa papo.

Basi kama tovuti inakufa kabla haijashtakiwa, utaihukumuje? Wazee wetu wana utaratibu wa jambo hili. Posa ikiletwa na kijana asiyejulikana, hakuna anayemsubiri aoe ndipo tabia yake ijulikane. Watu hutumwa kuulizia: amekuja lini mtaani, amepanga kwa nani, anakaa na akina nani, mara ngapi amehama. Kijana mwenyewe haulizwi neno. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Justin Ma na wenzake, walifanya vivyo hivyo kwa anwani za wavuti. Hawakufungua ukurasa hata mmoja kuusoma. Waliangalia maneno yaliyomo ndani ya anwani, tarehe ya kusajiliwa kwa jina, msajili aliyeliuza, mtandao linakokaa na nchi ya mtandao huo, wakaiachia mashine ijifunze. Ilipatia kwa kati ya asilimia 95 na 99.

Mwaka uliofuata Manos Antonakakis na wenzake wa Georgia Tech wakaleta Notos, mfumo ambao kwangu ndio kilele cha hoja hii. Notos hukusanya majibu ya DNS yanayopita mtandaoni na kujiuliza maswali ya muda mrefu. Jina hili limewahi kuelekezwa kwenye anwani zipi? Anwani hizo zimetawanyika katika mitandao mingapi na nchi ngapi? Majina gani mengine yaliwahi kupanga hapo, na kati yao yapo yaliyokwisha kukamatwa na programu hasidi? Tapeli anaweza kubadili jina kila asubuhi kwa fedha kidogo, lakini seva na wasajili wanaomvumilia si wengi, na mwishowe hurudi palepale. Watafiti hao waliripoti kwamba mfumo wao ulikamata asilimia 96.8 ya majina maovu, ukawasingizia wema asilimia 0.38 tu, tena wiki au hata miezi kabla majina hayo hayajatokea kwenye orodha za umma.

Asilimia 0.38 inasikika kama si kitu. Tuichukue kalamu. Tuseme tuna majina milioni moja, na kati ya kila elfu moja, moja ni ovu. Uwiano huu ni wangu, wa kufanyia hesabu tu. Maovu ni 1,000, na mfumo unakamata 968. Mema ni 999,000, na asilimia 0.38 yake ni karibu 3,796. Kengele zimelia mara 4,764, na karibu nne katika kila tano zimemlilia asiye na hatia. Mfumo haujaharibika, na waliouunda hawakudanganya. Ni kwamba waovu ni wachache miongoni mwa wengi, kwa hiyo kosa dogo likizidishwa kwa wengi linazaa umati. Mtu yeyote akikuuzia kifaa cha ulinzi kwa kukutajia asilimia ya usahihi peke yake, mwombe namba ya pili, kisha muulize uwiano. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Na umati huo wa waliosingiziwa haugawanyiki sawa. Kampuni ya Freenom, yenye makao yake Uholanzi, kwa miaka mingi iligawa bure majina yanayoishia na .tk ya Tokelau, .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na .gq ya Guinea ya Ikweta. Tokelau ni visiwa vyenye watu wapatao 1,500, na bado .tk ilikuwa miongoni mwa vikoa vya nchi vyenye majina mengi kuliko vyote duniani. Cha bure hupendwa na mwanafunzi asiye na kitu. Hupendwa zaidi na tapeli anayehitaji majina mia kwa siku. Mifumo ya sifa ikajifunza, tena kwa haki kabisa kitakwimu, kwamba mwisho wa .ga ni dalili mbaya. Duka la samaki la Libreville, la mtu aliyejivunia kikoa cha nchi yake, likabeba dalili hiyohiyo. Machi 2023 kampuni ya Meta iliishtaki Freenom. Juni mwaka huo Gabon ikakirudisha kikoa chake mikononi mwake, na mamilioni ya majina ya bure yakafutwa. Freenom yenyewe ilitangaza mwaka 2024 kuachana na biashara hiyo. Lakini ni orodha ngapi, ndani ya vifaa vingapi vilivyosahaulika kwenye makabati ya seva, bado zinamtazama Mgabon kwa jicho la mwaka 2022?

Waovu nao wameshaelewa mchezo. Asiye na sifa njema huiiba. Tovuti ya shule au kanisa iliyosajiliwa miaka kumi iliyopita, yenye WordPress ambayo haijasasishwa tangu aliyeitengeneza apate kazi kwingine, ina umri mzuri, majirani wazuri na historia safi. Mdukuzi huweka ukurasa wake wa hadaa ndani ya folda isiyotazamwa na mtu. Zile alama za kufuli nazo zilikuwa zikihesabiwa kuwa dalili njema, mpaka vyeti vinavyoleta kufuli hilo vilipoanza kutolewa bure na matapeli wakapanga foleni kama wengine. Septemba 2023 Chrome ikaliondoa kufuli lake. Na tangu 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, majina ya wenye vikoa yamefichwa kwa sehemu kubwa. Tarehe ya usajili imebaki, na umri ukazidi kuwa kigezo kikuu. Anayefungua tovuti yake ya kwanza leo, Mbeya au Kisumu, anaanza akiwa mshukiwa.

Hapa kwetu liko tatizo jingine juu ya hilo. Anwani za IP za mfumo wa zamani ni adimu, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Simu moja yenye programu hasidi ikichafua anwani hiyo, wengine wote waliomo wanaanza kuulizwa kama wao ni binadamu, wakiamriwa wachague picha zenye bomba la zimamoto la Kimarekani ambalo wengi wao hawajawahi kuliona kwa macho.

Upande wa pili, hadaa inayotulenga sisi haifiki kirahisi kwenye orodha hizo. Ule ujumbe maarufu wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” hauna tovuti ndani yake. Sifa inayotakiwa kukaguliwa ni ya namba ya simu, na ndiyo sababu Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka namba 15040 ya kuziripoti. Ukurasa wa mkopo wa uongo ulioandikwa kwa Kiswahili, ukasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa mchana mmoja, unahitaji mtu anayekisoma Kiswahili auripoti, tena mapema. Wapiga kura wa namna hiyo kwenye majukwaa ya kimataifa si wengi.

Kwa hiyo nasema tukusanye ushahidi wetu wenyewe. Timu za kukabiliana na matukio ya mtandao zipo, TZ-CERT na KE-CIRT, na wasajili wa .tz na .ke wanajua kila jina jipya dakika linapozaliwa. Kinachokosekana ni rekodi za majibu ya DNS kutoka kwa watoa huduma wetu, zikiwekwa pamoja. Najua mnachotaka kuuliza. Novemba 2016 shirika la utangazaji la Ujerumani, NDR, lilifichua kwamba Web of Trust, programu ya Kifini iliyowasaidia watu kupima sifa za tovuti, ilikuwa ikikusanya historia zao za kuvinjari na kuziuza. Mlinzi alikuwa ndiye mpelelezi. Lakini rekodi ninazozungumzia zinaweza kuchukuliwa upande wa juu wa seva ya mtoa huduma, pale inapowasiliana na seva za vikoa. Hapo linaonekana jina lililoulizwa na jibu lake. Simu ya aliyeuliza haionekani. Sheria za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022 za kulinda taarifa binafsi zinatosha kulifanya sharti la kumficha aliyeuliza liwe la lazima.

Rufaa ndiyo inayonisumbua zaidi. Aliyeorodheshwa anaweza kuomba ukaguzi upya, lakini lazima kwanza ajue kwamba ameorodheshwa, na nani, na kwa lipi, kisha aandike kwa Kiingereza cha kiufundi. Mwenye duka la vitambaa anachokiona ni wateja kupungua. Ningependa kila onyo libebe sababu na tarehe ya ushahidi, na ushahidi usiorudiwa upoteze uzito kadiri siku zinavyokwenda, maana anwani iliyopangwa na tapeli mwezi uliopita leo inaweza kuwa ya shule ya sekondari.

Kazi tunayoianza na wanafunzi wa uzamili ni kupima onyo hudumu muda gani baada ya tovuti ya .tz au .ke kusafishwa, na kuulinganisha muda huo na wa tovuti za ukubwa huohuo zilizosajiliwa Ulaya. Matokeo tutayatoa hadharani, pamoja na hesabu ya tovuti zote ambazo mfumo wetu wenyewe utakuwa umezishuku bure.