Kibali Hutangulia Msingi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mwanza)



Kamati imetutaka tuseme habari za kuomba kibali cha ujenzi kwa halmashauri. Jambo hili si tamu masikioni, lakini lagusa mfuko wa kila mmoja wetu. Mtumishi hujenga kidogo kidogo: mwaka huu tofali, mwaka ujao saruji, mwaka wa tatu bati. Nyumba ya namna hiyo ikipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kinachobomolewa si ukuta tu. Ni mishahara ya miaka kumi. Ndiyo maana twaomba mtusikilize kwa subira.

Twajua ya kuwa watu wengi huliogopa neno kibali, na hofu hiyo ina asili yake. Zamani za utawala wa Waingereza, miji ya Tanganyika iligawanywa kwa aina ya majengo. Palikuwa na sehemu za nyumba bora za Wazungu, sehemu za biashara walimokaa Wahindi, na sehemu za wenyeji, ambamo nyumba za miti na udongo ziliruhusiwa. Majina Uzunguni, Uhindini na Uswahilini ni ukumbusho wa mgawanyo huo. Basi wazee wetu walizoea kuiona kanuni ya ujenzi kuwa ni mlango wa kuwazuia. Lakini siku hizo zimepita. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 haimwulizi mwombaji kabila wala rangi. Yamwuliza kiwanja chake ni kipi, na ataka kujenga nini juu yake.

Tena kanuni hizi zina sababu, na hapa Mwanza sababu zake twaziona kwa macho. Ya kwanza ni ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wako wasemao kwamba mita hizo ni nyingi mno. Lakini ziwa letu halikai mahali pamoja. Lilipanda sana kati ya mwaka 1961 na 1964, kisha likashuka. Na mwezi wa Mei 2020 likapanda tena hata kukipita kipimo cha mwaka 1964. Mtu aliyejenga ukingoni wakati maji yamerudi nyuma alijenga katika shamba la mwenyewe ziwa, na mwenyewe akarudi.

Sababu ya pili ni vilima na mawe. Nyumba za Igogo, Mabatini na Isamilo zimepanda mlimani katikati ya mawe makubwa. Mtu akichimba chini ya jiwe bila kumwuliza mhandisi, huenda akalegeza kilichokuwa kimelishika, na aliye chini yake ndiye atakayeumia. Mahali ambapo nyumba zimebanana pasiwe na njia, gari la zimamoto halifiki, wala gari la kunyonya majitaka. Choo kikijaa hufurika, mvua huyachukua maji hayo hata Mto Mirongo, na mto huingia ziwani. Na maji tunayokunywa mjini huvutwa katika ziwa hilo hilo. Basi afisa afya aulizapo shimo la choo litakuwa wapi, asidhaniwe kuwa anatafuta neno. Analinda mtungi wa kila nyumba.

Sababu ya tatu ni uzito wa jengo lenyewe. Tarehe 29 Machi 2013, mjini Dar es Salaam, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa liliporomoka, na watu 36 wakafariki. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine la ghorofa likaanguka Kariakoo na kuua watu wengi. Ukuta hauheshimu cheo cha mtu wala wingi wa fedha zake.

Sasa tuitazame njia yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza, ijue halmashauri yako. Mwanza ilipata hadhi ya jiji mwaka 2000, na tangu mwaka 2012 Ilemela ina halmashauri yake. Mwenye kiwanja Mabatini au Igogo huomba kwa Halmashauri ya Jiji. Mwenye kiwanja Kirumba au Pasiansi huomba kwa Manispaa ya Ilemela. Ombi lililopelekwa pasipo pake hulala.

Pili, shika karatasi za kiwanja: hati miliki, au barua ya toleo, au karatasi nyingine inayokubaliwa na ofisi ya ardhi. Ikiwa ulinunua kwa mtu, maliza kwanza habari ya kuhamisha jina. Jina lililo katika hati, katika fomu na katika michoro liwe moja, hata herufi zake. Uliza pia matumizi ya kiwanja katika ramani ya mipango. Kiwanja cha makazi hakifanywi ghala kwa kuwa mwenyewe ametaka. Na ikiwa mahali hapo hapajapimwa, usianze kujenga kwa kutumainia huruma. Uliza serikali ya mtaa na ofisi ya ardhi kama kuna kazi ya urasimishaji, ujiandikishe mapema.

Tatu, pata michoro kwa mtu mwenye kuijua kazi hiyo kwa haki. Michoro ionyeshe nyumba ilivyo mahali pake kiwanjani, mpango wa vyumba, sura zake za nje, mkato wake, msingi, paa na shimo la majitaka. Nyumba ya ghorofa yataka pia michoro ya nguzo na mihimili iliyofanywa na mhandisi aliyesajiliwa.

Nne, jaza fomu na ulipe ada kwa namba ya malipo ya serikali, wala si mkononi mwa mtu. Stakabadhi itunzwe. Siku hizi mahali pengi maombi hupelekwa kwa mtandao, lakini mtandao haumwondolei mtu wajibu wa kuwa na nakala yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi makarani yatupasa kuwa wa mwisho kuusahau usemi huo.

Tano, baada ya maafisa wa mipangomiji, ardhi, afya na uhandisi kuyatazama maombi, ngoja kibali chenyewe. Neno la mdomo la afisa yeyote, hata kama ni rafiki yako, si kibali. Na ukiisha kukipata, jenga kilichochorwa. Ukitaka kuongeza ghorofa au kusogeza ukuta, rudi uombe tena.

Mabibi na mabwana, tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu tu. Katika mkutano huu wamo waombao vibali, na wamo pia wanaoyapokea maombi. Tufanye mfano. Mtumishi mmoja amepeleka michoro yake kama ipasavyo. Mwezi mmoja wapita, wa pili, wa tatu, hana jibu. Akiuliza aambiwa, Njoo kesho. Tofali zake zanyeshewa, fundi amepata kazi pengine, kodi ya nyumba anayopanga yaendelea. Mwishowe achimba msingi bila kibali, na siku ya pili yake mkaguzi aja na rangi nyekundu. Amevunja kanuni, wala hatumtetei. Lakini je, jalada lililolala mezani miezi mitatu halina sehemu katika kosa lile?

Kwa hiyo twasema maneno mawili. Kwa mwombaji: omba kabla hujachimba, tena omba kwa maandishi. Usipojibiwa, andika ukumbusho wenye tarehe na namba ya barua ya kwanza, kisha mwandikie mkubwa wa ofisi kwa heshima. Ukikataliwa, omba sababu zilizoandikwa, maana sababu iliyoandikwa yaweza kusahihishwa au kukatiwa rufaa. Ya mdomo haishikiki.

Kwa aliye mezani: jibu. Kama mchoro una kasoro, zitaje zote kwa mara moja, usimrudishe mtu mara tano kwa makosa matano. Usipokee kitu kisicho na stakabadhi. Kumbuka ya kuwa jalada lililo mbele yako ni paa la watoto wa mtu.

Chama chetu hakina uwezo wa kutoa vibali. Lakini kinao makarani, na kazi ya karani ni barua iliyo wazi na jalada lisilopotea. Twaipendekezea kamati iweke siku moja kila mwezi, ambapo wanachama wazoefu wa mambo ya ardhi watazisoma karatasi za wenzao kabla hazijapelekwa halmashauri. Kazi hiyo haina gharama, nayo huenda ikaokoa nyumba.