Mbwa Wetu na Watoto Wetu

Leo, mama, tuzungumze juu ya yule mlinzi anayelala karibu na mlango wako: mbwa.

Siku moja mama mmoja alinijia na mtoto wa miaka minne aliyeumwa shavuni na mbwa wa boma lao wenyewe. Mbwa huyo alifungwa mnyororo nyuma ya jiko tangu akiwa mdogo. Hakuguswa na mtu, alitupiwa ugali tu. Mtoto alifuata mpira karibu na chakula chake. "Sista, sikudhani angemuuma mtoto wetu," mama alisema. Lakini mbwa yule hakuwahi kumzoea mtoto yeyote.

Mbwa hufunzwa kuishi na watu. Wakati mzuri kabisa ni wiki ya 3 hadi ya 14 ya maisha yake. Usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Mzoeshe polepole watoto, wazee, wageni, kuku, ng'ombe na mlio wa bodaboda. Akitetemeka, msogeze mbali, mjaribu tena kesho. Asikaribie mbwa wasiojulikana kabla hajachanjwa.

Usiishie hapo. Mbwa mkubwa akifungwa na kupigwa mawe kila siku, hofu humrudia, na mbwa mwoga huuma. Akizeeka, macho na masikio hufifia. Mwache apumzike, watoto wasimshtue.

Wafundishe watoto pia. Wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Wakikutana na mbwa wasiyemjua, wasikimbie. Wasimame wima kama mti. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata awe mpole namna gani.

Mama, mbwa mpole naye anaweza kupata kichaa cha mbwa. Mpeleke achanjwe akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Ulizia ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe, uwe Migori au Homa Bay. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 40 hivi ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, hata kidogo, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala udongo, wala usibandike jiwe jeusi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na amalize sindano zote. Umechelewa? Nenda hata hivyo. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona.

Yule mtoto wetu alioshwa, akamaliza sindano, akapona. Alama ingali shavuni.

Jioni hii, mama, mtazame mbwa wako. Je, amechanjwa? Je, anawajua watoto wako?